Sekunde Sita za Ndugu Yangu

Kuna watu wakisikia napiga video za harusi wananionea kijicho, eti nakula pilau bure kila Jumamosi. Wacha wafikirie hivyo. Duka langu liko Kimbo, chumba kimoja juu ya bucha, na kutoka hapo nimepiga ruracio, yaani sherehe za mahari, za nusu ya Ruiru, mazishi ya nusu nyingine, na graduesheni za watoto ambao hata ubatizo wao niliupiga mimi. Kazi yetu ina neno moja tunalolitumia kuliko yote, nalo ni "rudia". Bwana harusi akivisha pete na mkono wa pasta ukafunika, nasema rudieni. Wazee wakipokea mbuzi wakati nabadilisha betri, mbuzi anarudishwa getini na akina mama wanaanza wimbo upya, wakicheka. Siku moja nilirudisha jeneza hatua kumi nyuma na hakuna aliyelalamika. Watu wanajua jambo limetokea, wanataka tu lionekane.

Neno hilo nililibeba nikaenda nalo mahali ambapo halikufaa kwenda, na aliyeumia ni ndugu yangu.

Ni kitinda mimba wetu. Wakati huo alikuwa anafundisha hesabu na kemia katika shule ya kutwa upande wa Juja, mwaka wa tatu kwa mkataba. Mwalimu wa mkataba anafundisha kama wenzake, lakini akiugua hasemi, maana akisema wanaweza kuona hawamhitaji. Alikuwa anangoja barua ya kuajiriwa kabisa. Walikuwa wamemwambia jina lake limo kwenye orodha ya mwaka huo, kilichobaki ni karatasi zake ziwe safi, hasa kile cheti cha polisi cha mwenendo mwema ambacho Mkenya hawezi kupata kazi bila kukionyesha. Mama aliiombea barua hiyo kila asubuhi kwa sauti, mpaka majirani wote wa ploti wakawa wanajua inangojwa.

Halafu kuna mhariri. Tulisoma naye chuo, tukaazimana tripodi moja miaka miwili. Yeye akaingia televisheni Nairobi, mimi nikarudi Ruiru, lakini hatukutupana. Baba alipofariki alikuja na kamera yake akatupigia mazishi bila kuitisha chochote. Mvua ilinyesha siku hiyo, na ndugu yangu ndiye aliyemshikia mwavuli kutoka ibada ya kwanza mpaka kaburini, kamera kavu, yeye mwenyewe akitiririka maji. Baadaye huyo mhariri alikula mukimo kwetu, akaongezwa, akaongezwa tena, mpaka mama akaanza kumwita mwanangu. Nayasema haya ijulikane kwamba alimjua ndugu yangu. Asije mtu akaniambia hakumjua.

Ile wiki ya maandamano, televisheni zilikuwa zinaonyesha tairi zinazoungua, vijana wenye mawe, na mtangazaji anasema wahuni, wahuni, kama mtu aliyefundishwa neno jana. Ndugu yangu alikuwa ameenda Thika siku ya kwanza, na alivyoona taarifa ile alizima televisheni ya mama bila kuuliza.

"Mimi nilikuwa hapo," akasema. "Tumekaa chini kwa lami masaa matatu tukiimba wimbo wa taifa. Hiyo hawakuona?"

Kesho yake mhariri akanipigia. Alisema hawana mtu upande wa Thika na vijana wametangaza watatoka tena, kwa hivyo nimtumie chochote nitakachopata. Nikamwambia nitaenda kwa sharti moja, kwamba msiwaite wahuni.

"Dada, mimi tena?" akasema. "Si unanijua."

Nilimjua, ndiyo, na nikaenda nimejaa furaha. Nilikuwa najiambia kwamba mara hii mama ataona kwa televisheni yake kile ambacho mtoto wake anasema ameona.

Shule zilikuwa zimefungwa siku hiyo. Tulipanda pamoja kutoka Ruiru, yeye na bendera mabegani, chupa ya maji na skafu ya shingoni, mimi na kamera yangu ya harusi. Thika ilikuwa imetulia, maduka mengi nusu mlango. Nilipiga dakika kumi na nne kwa jumla na nazikumbuka zote. Nilimpiga msichana akimpa afisa wa polisi chupa ya maji, na afisa akaipokea, akaangalia kushoto na kulia, akanywa. Niliwapiga vijana wakiokota takataka walizoangusha wenyewe. Nilimpiga mzee mmoja wa miaka sabini na kitu amebeba kibao kilichoandikwa kwa Kikuyu kwamba amechoka. Mtu akiniambia hiyo si habari, namuuliza habari ni nini basi.

Saa sita hivi nilikuwa nimesimama nje ya duka la dawa, kamera inaelekea bendera zilizokuwa zinakuja, wakati polisi walipoanza kurusha vitoa machozi. Mkebe mmoja ulidunda kwenye lami, ukaja ukasimama kando ya ngazi za duka, kushoto kwangu, miguuni pa mama aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. Yule mama aliganda. Kabla sijageuza hata shingo, ndugu yangu alikuwa amefika, skafu imezungushwa mkononi, akauokota ule mkebe akautupa kwenye mtaro uliokuwa nyuma ya vibanda. Yule mama akaingizwa ndani ya duka na watu, mtoto analia. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kupiga chafya mara mbili.

Na mimi sikuipata. Nilikuwa nimefokasi bendera. Nilichopata ni kivuli cha mtu anaruka mbele ya lenzi, mkono, na moshi.

Moshi ulipotawanyika nikamwona anacheka, macho mekundu, anajimwagia maji. Ule mkebe ulikuwa mtaroni, umezimika, bati tupu. Nikasema lile neno langu.

"Sikupata vizuri. Hebu rudia."

"Kwani mimi ni bwana harusi?" akaniuliza.

"Rudia bwana, watu waone ulichofanya. Lakini tupa ukielekea huku, kule jua linanichoma."

Huku, mahali mwanga ulikuwa mzuri, ndiko walikokuwa polisi. Walikuwa mbali, hatua kama themanini, wengine wameegemea lori lao wanapumzika. Ndugu yangu aliliokota lile bati baridi, akarudisha mkono nyuma kama mtu wa kurusha mkuki, akalitupa. Liliviringika hatua kadhaa likalala. Hakuna afisa aliyeinua hata kichwa. Nikamwambia asante, imetoka safi, na kweli ilikuwa imetoka safi.

Alasiri nilirudi Kimbo nikamtumia mhariri dakika zote kumi na nne. Nikamwandikia maelezo marefu: huyu ni nani, mama alikuwa wapi, mara ya pili mkebe ni mtupu na ni mimi niliyemwambia arudie. Alijibu kwa kidole gumba.

Taarifa ya saa moja ilitukuta kwa mama, sisi watatu, chai mkononi. Hakukuwa na msichana wa maji. Hakukuwa na mzee wa kibao. Kulikuwa na sekunde sita za ndugu yangu anatupa bati kuelekea polisi, zimepunguzwa mwendo, zimezungushiwa duara jekundu, zikaonyeshwa mara tatu. Chini wakaandika kwamba wahuni wamewashambulia maafisa Thika. Hata sauti waliitoa, wakaweka muziki wa kutisha.

"Haiya," mama akasema. "Si huyo ni wewe?"

Ndugu yangu aliweka chai yake mezani. Aliniangalia mimi, akaangalia kikombe chake. Nilimpigia mhariri hapo hapo, nikapiga mara kumi na moja, hakushika. Alishika kesho yake saa nne, sauti ya mtu aliyeamka vizuri.

"Sikumtambua," akasema. "Kulikuwa na moshi."

"Moshi gani? Bati lilikuwa limezima. Nilikuandikia."

"Dada, si mimi niliyekata. Ni prodyusa. Hata mimi niko na wakubwa."

Nikamwambia basi mrekebishe, mseme mlikosea. Akasema kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka natamani kuvunja kitu. Alisema wakirekebisha itabidi waseme kwamba video ilipangwa, na aliyeipanga ni mimi, kwa hivyo nifikirie vizuri kama nataka hivyo. Alinikana, akaruka futi mia, na akiruka akaniwekea mguu nijikwae. Mtu aliyekula kwetu akaongezwa mara mbili.

Siku ya tatu walimchukua ndugu yangu darasani. Kidato cha pili, chaki mkononi, fomula ubaoni nusu. Mwalimu mkuu, yule yule aliyekuwa akimwita mfano wa kuigwa kwenye mikutano ya wazazi, ndiye aliyewaonyesha polisi darasa lilipo, tena akatangulia mbele. Wanafunzi walijaa madirishani. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba mwalimu aliwaambia wamalizie lile zoezi, akaondoka na polisi.

Alitoka kwa dhamana baada ya siku mbili. Mashtaka yalikuwa kushiriki ghasia na kujaribu kumdhuru afisa. Shule ikamwambia akae nyumbani kwanza. Mama akaenda kwa kikundi chake cha akina mama kanisani, wale wanaokutana Alhamisi, akawaeleza kutoka mwanzo, mtoto mchanga, mtaro, bati tupu. Wakamsikiliza vizuri sana. Halafu mmoja, rafiki yake wa miaka ishirini, akamshika mkono akamwambia, "Lakini mama, si tulimwona? Tulimwona kwa macho yetu." Mama alirudi akaketi kitandani na kitambaa chake cha kichwa mkononi. Hakwenda Alhamisi iliyofuata.

Tulipata wakili mwanamke aliyekuwa anajitolea kwa kesi kama hizo. Hakuwa mtu wa kupoteza maneno. Alisema kesi ni nyepesi tukipata video yote na sauti yake, kwa sababu sauti yangu imo ndani ikisema rudia, na bati linasikika likigonga lami, tupu. "Leta kadi ya kamera," akasema.

Kadi. Nilikuwa na ruracio huko Witeithie Jumamosi ile ile ya wiki ya maandamano. Mimi hufuta kadi kila Ijumaa, nimefanya hivyo miaka yote, hata sifikirii, kama mtu anavyofunga mlango akitoka. Nilifuta Thika nikaweka mbuzi na shuka za watu. Laptopu nayo nilikuwa nimeshaisafisha kwa sababu ilikuwa imejaa. Dakika zile kumi na nne zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu duniani.

Nikampigia mhariri, safari hii kwa adabu, nikamwita kaka. Nikamwambia sitaki mrekebishe chochote, nipe tu kile nilichokutumia, ni changu. Akasema hawana tena. Eti hufutwa baada ya wiki. Akasema anaomba pamoja nasi. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za bucha mpaka mwenye bucha akaniuliza kama nimefiwa.

Nilienda pia kwa mwenye lile duka la dawa, baba mmoja Mhindi ambaye nilimpigia harusi ya bintiye siku nne mfululizo. Alinikaribisha chai. Alisema anakumbuka mtoto akilia, lakini mama mwenyewe hamjui, si mteja wake, na kamera ya dukani inaangalia ndani kwa keshia tu. Nilimtafuta yule mama kwa wiki tano. Niliuliza zahanati, niliuliza wauza nguo za watoto, nilibandika karatasi stendi. Hakupatikana. Huenda alikuwa anapita tu kwenda kwao.

Wacha niseme hukumu sasa, nisimchezee mtu. Ndugu yangu alipatikana na hatia, akapewa mwaka mmoja wa kifungo cha nje. Orodha ya kuajiriwa ikatoka, jina lake halimo, na kwa cheti kile halitakuwamo. Siku hizi anafundisha watoto wa watu tuisheni kwenye meza za jikoni, Kimbo na Kihunguro, na wazazi wengine wakimtambua hawamwiti tena.

Lakini siku iliyonibaki si ya hukumu. Ni ile ya ushahidi.

Upande wa mashtaka ulileta video. Si zile sekunde sita. Walileta dakika nne, picha ile ile niliyopiga, na kiongozi wa mashtaka akaieleza mahakama kwamba imetolewa na televisheni. Ile ambayo hawakuwa nayo. Ile iliyofutwa baada ya wiki. Wakaicheza, na haikuwa na sauti. Wakili wetu akasimama kuuliza sauti iko wapi, akaambiwa hivyo ndivyo ilivyopokelewa.

Kwa hivyo mahakama iliona kile ambacho macho yanaweza kuona. Kivuli cha mtu kinaruka mbele ya lenzi kuelekea kushoto, mkono unatupa kitu. Moshi. Halafu mtu yule yule, sasa anaonekana vizuri, anacheka, anaokota tena, anatupa tena, kuelekea polisi.

"Mara mbili, mheshimiwa," kiongozi wa mashtaka akasema. "Na anafurahia."

Niliitwa upande wetu. Niliapa, nikasema yote. Nikasema mimi ndiye niliyemwambia arudie, sauti yangu ilikuwamo kwenye video ile ila wameiondoa. Nikasema mkebe ulikuwa mtupu. Nikaeleza kazi yetu, mbuzi, pete, jeneza. Watu wawili nyuma walicheka. Sikujali. Nilikuwa nimechemka, na nilifikiri hasira yangu yenyewe ni ushahidi.

Kiongozi wa mashtaka alikuwa kijana mpole, wala hakupaza sauti.

"Kwa hivyo madam, kazi yako ni kufanya watu waonekane wakifanya vitu."

"Vitu walivyofanya."

"Lakini si wakati huo."

"La."

"Na huyu mama mwenye mtoto, mara ya kwanza, mshtakiwa alipomwokoa. Hiyo hukuipanga."

"Hiyo ilikuwa ya kweli."

Akaomba video irudishwe mwanzo, isimamishwe kabla ya mkebe kufika. Bendera zilionekana, watu, ngazi za duka la dawa katikati ya picha. Ngazi tupu. Akaniuliza huyo mama yuko wapi.

Hapa nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Hakuna mtu aliyejua, si wakili, si mama yetu, si ndugu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimelificha jambo hilo wiki zote hizo kwa kumtukana mhariri kila asubuhi na kila jioni, na ndugu yangu alikuwa akinisaidia kumtukana. Lakini nilikuwa nimeapa, na wakili alikuwa ameniambia kitu kimoja tu, kwamba uongo mmoja utaua ukweli wote.

"Alikuwa amesimama hapo kwa ngazi," nikasema. "Katikati. Kabla sijabonyeza kurekodi."

"Halafu?"

"Nilimwambia asonge kushoto."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ananizibia bendera."

Kiongozi wa mashtaka alisema hana swali lingine, akakaa. Ngazi zile tupu zilikuwa bado kwenye skrini, na mkebe ulikuwa bado haujafika pale kushoto, nje ya picha, nilipompeleka. Ndugu yangu aligeuka kizimbani akaniangalia. Mpaka siku hiyo alikuwa akimlaumu mhariri peke yake.